Dume Huruka, Jike Huchagua: Mbwembwe za Ndege na Lugha ya Kuzielezea

Katika kurasa hizi tumezoea kujadili sarufi, fasihi na mbinu za kufundishia. Safari hii tumeona ni vema tutoke nje ya darasa kidogo tukawatazame ndege, hususan yale madume yanayokusanyika mahali pamoja ili kuruka, kuimba na kujishaua mbele ya majike. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, wanafunzi wanaosoma Kiswahili pamoja na masomo ya sayansi wamekuwa wakituomba matini za kisayansi zilizoandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, wala si zile zilizotafsiriwa huku zikinuka Kiingereza. Pili, habari yenyewe inaijaribu lugha yetu. Vitenzi vyetu vya mapenzi na ndoa vina mtendaji wao maalumu, naye karibu kila mara ni wa kiume. Mtu akizisimulia ngoma za ndege kwa vitenzi hivyo hivyo, atakuwa amemweka mhusika mkuu mahali pasipo pake.

Tuanze na kilicho karibu. Anayeishi Gudele, huku magharibi mwa jiji la Juba, hahitaji darubini wala safari. Mvua zikishashika, mti mmoja katika mtaa hugeuka kuwa kijiji kizima cha ndege wafumaji, wale ambao katika pwani ya Afrika Mashariki huitwa mnana au kwera kutegemea aina yao. Madume wana rangi ya manjano na kichwa cheusi. Majike wana manjano iliyofifia yenye ukijani, na asiyewazoea hudhani ni ndege wa jamii nyingine. Dume huchana ukanda mrefu wa jani bichi, akaufunga kwenye kitawi, akafuma pete, na kutokana na pete hiyo akafuma chumba chenye mlango unaotazama chini. Kazi ikiisha, hujining'iniza kichwa chini kwenye mlango wa kiota, akapigapiga mbawa kwa nguvu na kupiga kelele. Jike akipita jirani, madume wote mtini hufanya vivyo hivyo kwa wakati mmoja, na hapo ndipo majirani wa mti huo hulalamika kwamba hawasikii hata redio.

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu zoezi dogo: kila mmoja atazame mti wa namna hiyo kwa nusu saa, kisha aandike sentensi kumi kuhusu alichokiona. Matokeo yalitufunza mengi. Karibu kila karatasi ilianza na dume, ikaendelea na dume, ikamalizia na dume: dume anajenga nyumba, dume anamleta jike, dume anaoa. Mwanafunzi mmoja, kwa utani, aliandika kwamba dume huyu ana bahati kwa kuwa analipa mahari ya majani badala ya ng'ombe. Darasa lilicheka sana, na wanaojua bei ya ng'ombe huku kwetu walicheka zaidi. Hata hivyo ni karatasi mbili tu zilizotaja kwamba jike aliingia ndani ya kiota, akakaa kitambo, akavutavuta kuta kwa mdomo, akatoka, akaenda kwa jirani.

Na kumbe hapo ndipo penye kiini cha habari. Nicholas na Elsie Collias, mume na mke waliokuwa watafiti katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwachunguza ndege hawa kwa miaka mingi. Waligundua kwamba jike hapendi kiota kilichokauka. Anataka kiota kibichi, chenye majani ya kijani yasiyokatika upesi. Kiota kisichopata mkaaji hugeuka rangi kikawa cha kahawia, na baada ya siku kadhaa dume mwenyewe hukibomoa, ukanda kwa ukanda, ili apate nafasi ya kujenga kingine. Hapa Kiswahili kina zawadi kwa mwalimu wa mofolojia: alichokifuma, dume hukifumua. Hatuoni mfano bora zaidi wa kauli ya kutendua kwa mwanafunzi anayeishi chini ya mti huo. Akishindwa, dume anaweza kufuma na kufumua tena na tena msimu mzima, wakati jirani yake ana majike wawili au watatu walioridhika. Ni jike anayemwamulia.

Hata hivyo, ndege wafumaji ni mlango tu wa mada yetu. Jike wa mnana anapokubali, anapata kitu cha kushikika, yaani nyumba ya kutagia. Wapo ndege ambao dume hatoi chochote. Hajengi kiota cha kutagia, halindi eneo lenye chakula, halishi makinda. Hukutana na wenzake kwenye uwanja fulani ambao hauna faida nyingine yoyote, wakacheza. Jike huja, hutazama, hulinganisha, huchagua mmoja, hupandwa, kisha huondoka akatage na kulea peke yake. Wanasayansi wa dunia nzima huuita uwanja wa namna hii kwa neno la Kiswidi, lek, ambalo maana yake ya kawaida ni mchezo.

Kwa wasomaji wa jarida hili, asili ya neno hilo ni ya kufurahisha. Waswidi waliwaona ndege wa misituni kwao wakikusanyika alfajiri, wakasema wanacheza. Nasi tunasema mtu anacheza mpira na pia anacheza ngoma, kitenzi kile kile. Je, tuuite uwanja huo kwa Kiswahili jina gani? Wapo watakaoridhika na kulitohoa neno, tuseme leki, kama tulivyofanya kwa maneno mengi ya kisayansi. Sisi hatupingi utohozi, lakini katika hili tunaona kwamba lugha ina akiba ya kutosha. Tulifikiria uwanja wa ngoma, tukaliacha, kwa sababu katika ngoma za watu wa kike na wa kiume hucheza pamoja, ilhali hapa jike hachezi. Tumependelea uwanja wa mbwembwe. Mbwembwe ni vitendo vya kujionyesha ili mtu atazamwe, na hakuna anayefanya mbwembwe bila kuwa na mtazamaji moyoni. Neno hilo tutalitumia kuanzia hapa, na anayelipinga atuandikie.

Mfano bora wa uwanja wa mbwembwe katika kanda yetu unapatikana kwenye mbuga za majani za nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Huko yuko kweche mmoja mwenye mkia mrefu, anayeitwa kisayansi Euplectes jacksoni. Jina hilo lilitolewa kwa heshima ya Frederick Jackson, mtawala wa kikoloni aliyekuwa pia mpenzi mkubwa wa ndege na ambaye baadaye alikuwa gavana wa Uganda. Wakati wa mvua dume huyu huwa mweusi tii, na mkia wake hujikunja kama jogoo. Huchagua mahali kwenye majani marefu, akayakanyaga na kuyang'oa katika duara lenye upana wa takriban mita moja, lakini katikati huacha kishungi cha majani kikiwa kimesimama. Kishungi hicho hukichonga kwa mdomo pembeni kikawa na vishimo. Baada ya hapo kazi yake ni moja: kuruka. Huruka wima kutoka ardhini, kichwa kimerudi nyuma, mkia umeinuka hadi kukaribia kisogo, miguu ikipigapiga hewani, kisha hutua na kuruka tena. Wenzake nao wanaruka kila mmoja kwenye duara lake, na anayetazama kwa mbali huona vitu vyeusi vikichupa juu ya majani na kupotea.

Staffan Andersson, mtafiti kutoka Uswidi, aliwachunguza ndege hao nchini Kenya katika miaka ya 1980 na akachapisha matokeo yake kuanzia mwaka 1989. Aliona kwamba madume hawapati sawa. Wanaokaa uwanjani muda mrefu, wanaoruka mara nyingi zaidi, na wenye mkia mrefu, ndio wanaotembelewa na majike wengi. Alipoifupisha mikia ya baadhi yao, ziara za majike zilielekea kwa wale ambao mikia yao ilibaki mirefu. Jike anapoingia kwenye duara, husimama upande mmoja wa kishungi na dume hubembeleza upande wa pili, akichungulia huku na huku. Asiporidhika, huruka akaenda kwenye duara la jirani. Hakuna anayemzuia. Dume hana njia ya kumlazimisha wala kumfungia.

Jambo hili la jike kuwa na hiari ndilo lililowatia watu shaka kwa muda mrefu. Charles Darwin alipoandika mwaka 1871 kwamba uzuri wa madume wengi umetokana na uchaguzi wa majike, wanasayansi wengi wa enzi yake walikunja uso. Alfred Russel Wallace, ambaye yeye na Darwin waligundua kila mmoja kivyake nadharia ya uteuzi asilia, hakukubali kwamba ndege jike anaweza kuwa na ladha ya uzuri iliyo thabiti kiasi hicho. Wengi walipendelea maelezo ya kwamba madume hupigana wao kwa wao na mshindi humchukua jike. Tukiwa walimu wa lugha, tunakiona kitenzi hicho, kumchukua, tunajiuliza kama ubishi ule wote haukusaidiwa na sarufi ya watu waliokuwa wakibishana.

Ushahidi wa majaribio uliosadikisha wengi ulipatikana hapa Afrika Mashariki. Mtafiti mwingine wa Uswidi, Malte Andersson, alikwenda kwenye uwanda wa Kinangop nchini Kenya, ambako anaishi kweche mwenye mkia mrefu kuliko wote, Euplectes progne. Dume wa aina hiyo ana mwili mdogo tu lakini mkia wake unafikia nusu mita, na anaporuka polepole juu ya majani huonekana kama kitambaa cheusi kinachoburutwa na upepo. Tukumbuke kwamba huyu si ndege wa uwanja wa mbwembwe; kila dume ana eneo lake kubwa, na majike hujenga ndani ya eneo la waliyemkubali. Andersson aliwakamata madume 36 na kuwagawa katika makundi manne. Kundi la kwanza aliwakata mikia ikabaki sentimita 14 hivi. Vipande vilivyokatwa aliwagundishia wa kundi la pili kwa gundi kali, mikia yao ikaongezeka kwa sentimita 25 hivi. Kundi la tatu aliwakata na kuwarudishia vipande vyao wenyewe, ili kuhakikisha kwamba mkasi na gundi peke yake havibadilishi kitu. Kundi la nne hakuwagusa mikia. Kisha akahesabu viota vipya katika maeneo yao. Waliorefushwa walipata viota vipya vingi kuliko wengine wote.

Jambo ambalo halitajwi mara nyingi, nasi tunaliona ndilo zito zaidi, ni kwamba waliokatwa mikia hawakunyang'anywa maeneo yao. Madume wenzao waliendelea kuwaheshimu. Mkia basi haukuwa silaha ya kuwatisha wanaume wenzake. Ulikuwa wa kutazamwa na jike, basi. Makala hayo yalitoka katika jarida la Nature mwaka 1982, na mpaka leo hufundishwa katika vyuo vingi duniani.

Msomaji anaweza kuuliza: jike anafaidika nini na mkia? Chakula hapati, msaada wa malezi hapati. Majibu yaliyotolewa ni kadhaa na hayapingani yote. Ronald Fisher, mwaka 1930, alieleza kwamba jike anayempata dume mwenye mvuto huzaa wana wenye mvuto, nao watampa wajukuu wengi. Hivyo ladha ya jike na uzuri wa dume husukumana mbele, kila kimoja kikikikuza kingine. Amotz Zahavi wa Israeli, mwaka 1975, alikuja na hoja ya mzigo: mkia mrefu ni gharama, unamchelewesha ndege na kumweka hatarini, kwa hiyo anayeweza kuubeba na bado akaishi lazima awe na nguvu za kweli. Mwaka 1982 William Hamilton na Marlene Zuk wakaongeza kwamba manyoya yenye kung'aa yanaweza kuwa cheti cha afya, kwani ndege mwenye vimelea vingi damuni hawezi kung'aa wala kuruka mchana kutwa. Sisi, kwa kadiri tunavyoielewa habari, tunaona hoja ya kurukaruka ndiyo inayoeleweka kwa urahisi zaidi darasani. Mkia unaweza kuurithi. Lakini kuruka asubuhi nzima ni lazima uwe mzima wa afya siku hiyo hiyo.

Swali la pili ni gumu zaidi: ikiwa majike wengi huwaendea madume wachache, kwa nini hao wengine wasiende kucheza mahali pao peke yao? Tufikirie wauzaji nyanya katika soko la Konyokonyo. Wamekaa safu moja, bega kwa bega, bidhaa ile ile, na mmoja anauza kuliko wote. Anayeuza kidogo haondoki kwenda kuweka meza yake porini, kwa sababu mnunuzi huenda mahali ambapo anaweza kulinganisha. Akiwa peke yake hapati hata yule mteja mmoja aliyekosa nafasi kwa jirani. Wanasayansi wana dhana zaidi ya moja hapa. Wengine wanasema madume hukusanyika mahali ambapo majike hupita kwa wingi. Wengine wanasema madume dhaifu hujibanza karibu na nyota wa uwanja ili wapate makombo. Wengine wanasema wingi wa macho huwalinda dhidi ya mwewe. Huenda kila uwanja una mchanganyiko wake.

Tusidhani kwamba jambo hili ni la ndege peke yao. Mashariki ya Juba, ng'ambo ya Mto Nile, kuna hifadhi za Badingilo na Boma, ambako swala wenye masikio meupe, jamii ya kob, huhama kwa mamilioni. Sensa ya kutumia ndege iliyofanywa mwaka 2023 na matokeo yake kutangazwa mwaka 2024 ilikadiria kwamba wako takriban milioni 5. Madume wa swala hao nao huwa na viwanja vyao vya mbwembwe, kama walivyo ndugu zao wa Uganda ambao Helmut Buechner aliwaeleza katika bonde la Semliki mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini hao tuwaachie wenye ujuzi wa wanyama wa miguu minne.

Turudi kwenye ndege, na turudi mtoni. Kila mwaka, kuanzia miezi ya Agosti na Septemba, kwenye matope ya Mto Nile na katika majimaji ya Sudd, huja ndege wa rangi ya udongo, miguu mirefu kiasi, asiye na kitu cha kumfanya mpita njia asimame. Jina lake la kisayansi ni Calidris pugnax, na hilo neno la pili kwa Kilatini lina maana ya mpenda vita. Aprili inapofika huwa wengi wao wamekwisha ondoka kurudi kaskazini mwa Ulaya na Urusi wanakozaliana. Huko dume humea manyoya shingoni yanayotanuka kama kola kubwa, kila mmoja na rangi yake, na kujiunga na uwanja wa mbwembwe ulio maarufu kuliko mwingi duniani. Yaani huyu tunayemwona huku kwetu ni mchezaji aliyevua nguo za ngoma.

Uwanja wake una siasa zake. Madume walio wengi wana kola za rangi nyeusi au hudhurungi, na kila mmoja hulinda kipande chake kidogo cha ardhi. Wachache wana kola nyeupe. Hao hawapigani wala hawana kipande, bali huingia katika kipande cha mwenye kola nyeusi na kucheza naye. Mwenyeji humvumilia, kwa kuwa majike huvutiwa zaidi na kipande chenye wawili. Wa tatu ni adimu sana, takriban mmoja kati ya 100. Huyu hana kola kabisa, anafanana na jike kwa umbo na rangi, na hupenya katikati ya vurugu akapata nafasi yake bila mtu kumshuku. Kuwepo kwake kulielezwa na watafiti mwaka 2006 tu, ingawa watu walikuwa wamewatazama ndege hao kwa karne nyingi. Mwishoni mwa mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti yalitangaza kwamba tofauti za madume hao watatu zinatokana na kipande kimoja cha kromosomu kilichogeuzwa upande miaka takriban milioni 3.8 iliyopita. Dume huzaliwa hivyo. Hajifunzi wala habadiliki.

Sasa tuitazame lugha kwa karibu. Tukiitafsiri aya iliyotangulia kutoka Kiingereza, tunakutana na tatizo ambalo mwalimu lazima awatahadharishe wanafunzi. Kiingereza hutenganisha nafsi ya tatu ya kiume na ya kike; Kiswahili hakitenganishi. Sentensi kama "alipomkaribia, alimtazama, kisha akamwacha" ni sahihi kabisa, lakini nani kamwacha nani? Msomaji atajaza kwa mazoea yake, na mazoea yake yatamtaja dume. Katika matini za namna hii hatuna budi kurudia majina, dume na jike, hata kama kurudia huko kunaonekana kama kukosa ufasaha. Aidha, ikumbukwe kwamba maneno hayo, ijapokuwa kwa umbo ni ya ngeli ya LI-YA, yanapotaja kiumbe hai huchukua upatanisho wa A-WA: jike huyu anachagua, majike hawa wanachagua. Tumeona vitabu vinavyoandika "jike linachagua". Hatuvipendi. Anayechagua apewe kiambishi cha mwenye uhai.

Vitenzi navyo vichujwe. Kuoa na kuolewa tuviache kwa binadamu, kwa sababu vimebeba mgawanyo wa mtenda na mtendwa ambao kwa ndege hawa ni kinyume cha mambo. Kutongoza kunafaa kwa tendo la dume, ila kunaficha kwamba tendo hilo mara nyingi haliishii popote. Kupandana kunafaa kwa tendo lenyewe. Kwa jike tuna kuchagua, kuteua, kukubali, kukataa, na kwa mnana tuna kukagua, ambalo ndilo neno hasa. Katika zoezi la muhula uliopita, tuliwarudishia wanafunzi karatasi zao na kuwaomba waandike sentensi zile zile huku kiima cha kila sentensi kikiwa jike. Waliokuwa wameishiwa maneno mara ya kwanza walijaza ukurasa, kwani ilibidi warudi mtini kutazama upya.

Kwa kuwa tumesisitiza uamuzi wa jike, haki itendeke pia kwa ndege ambao pande zote mbili hucheza. Heroe wadogo wa maziwa ya Nakuru na Bogoria nchini Kenya hukusanyika kwa mamia, shingo juu, wakatembea kwa pamoja kama askari wa gwaride, wakigeuza vichwa kushoto na kulia na kufungua mbawa ghafla ili wekundu uonekane. Dume na jike wamo katika safu moja na ni vigumu kuwatofautisha. Humo huchaguana, kisha wakatage, wengi wao kwenye Ziwa Natron nchini Tanzania, na kulea kinda pamoja. Hizo ni mbwembwe za pamoja, lakini si uwanja wa mbwembwe kwa maana tuliyoitoa. Hapo kitenzi kinachotakiwa kina kiambishi cha kutendana.

Tumemweka mwisho ndege ambaye, kwa maoni yetu, angestahili kiti katika idara ya lugha. Ni fumbwe mdogo, Vidua chalybeata. Dume wake wakati wa mvua ni mweusi mwenye mng'ao wa buluu. Hukaa kwenye kilele cha mti mmoja, siku baada ya siku, akiimba. Dume mwingine yuko kwenye mti wake mbali kidogo, hawaonani vizuri lakini wanasikiana. Ni uwanja wa mbwembwe uliotawanyika, unaounganishwa na sauti. Majike huzunguka mti hadi mti wakisikiliza. Fumbwe hajengi kiota: jike hutaga katika kiota cha ndege mwingine, yule mdogo mwekundu mwenye mdomo mwekundu ambaye huokota punje uani kwetu karibu na jiko, na huyo humlelea kinda pamoja na wa kwake.

Robert Payne wa Chuo Kikuu cha Michigan aliwafuatilia fumbwe hao nchini Zambia kwa miaka mingi. Katika nyimbo za dume kuna sehemu mbili. Moja ni wimbo wa yule ndege mwekundu aliyemlea, alioujifunza akiwa kiotani. Nyingine ni nyimbo za fumbwe wenyewe, na hizi madume wa jirani huziimba kwa namna moja, wakati wa mbali kidogo wana namna yao. Kwa istilahi zetu hizo ni lahaja. Lahaja hizo hubadilika mwaka hadi mwaka, na madume huelekea kuiga uimbaji wa yule anayependwa na majike katika mtaa wao.

Payne na wenzake walifanya pia jaribio ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2000. Waliwalea makinda wa fumbwe chini ya ndege wa kufugwa wenye asili ya Asia, ambao fumbwe wa porini hajapata kukutana nao. Madume walipokua waliimba nyimbo za walezi hao wageni. Majike waliolelewa na walezi hao hao walipopewa nafasi ya kusikiliza, waliwapenda madume wanaoimba wimbo huo wa ugenini kuliko wale walioimba wimbo wa kawaida wa fumbwe. Na ulipofika wakati wa kutaga, mayai yao waliyaweka katika viota vya ndege wale wale waliowalea.